Punje Moja kwa Kila Pumzi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, wenzangu, kwa moyo wote, ingawa mpaka leo najiuliza ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu asiye na kipindi tena anahitaji saa. Nimeitundika sebuleni. Ukifika wakati wa kengele ya asubuhi mwili wangu unasimama wenyewe, kisha unakumbuka na kukaa. Nikaona heri mikono ifanye kazi, niwaandikie ninyi mnaobaki na chaki yale ambayo hayamo kwenye kiongozi cha mwalimu. Madaraja na mishahara sitayagusa. Hayo kila mtu anayajua ya kwake na yanamuuma kwa namna yake. Nitasema habari za somo moja tu, upumuaji, kwa sababu nililifundisha tangu mwaka wangu wa kwanza hadi karibu na wa mwisho, na kwa muda mrefu lilinishinda.

Mimi ni mtu wa Mnazi, kule chini kwenye joto, ambako blanketi ni kitu cha kumpa mgeni. Nikapangiwa shule iliyo chini kidogo ya ukingo wa Mtae, juu kwenye milima ya Usambara. Nilifika na shuka moja jepesi na viatu vya wazi. Mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Mzee Mbaruku, mtu mrefu, mpole wa maneno. Nilipomwamkia aliniangalia miguu kwanza, uso baadaye.

"Marahaba, mwalimu. Blanketi unalo?"

Sikuwa nalo. Akatuma kwake likaletwa, na ndilo nililojifunika mwaka mzima. Asubuhi ukungu uliingia darasani bila hodi, nikawa nafundisha watu ninaowasikia wakikohoa kuliko ninavyowaona.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa sayansi, Darasa la Tano, mfumo wa upumuaji. Nilichora mapafu ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu, nikachora koo, mirija na kiwambo, kila kitu na mshale wake. Nilijivunia mchoro ule. Watoto waliimba nami kwamba oksijeni inaingia na kabonidayoksaidi inatoka, tena waliimba vizuri, maana nusu yao walikuwa wa kwaya ya Kilutheri na nusu wa madrasa, na kote huko sauti hufunzwa. Mwishoni nikamwita mmoja wao mbele. "Haya, tuoneshe mapafu yako yako wapi." Akasimama kwa adabu, akaja ubaoni, akaweka kidole kwenye mchoro wangu.

Darasa zima likampigia makofi. Kwa maoni yao alikuwa amepata.

Mzee Mbaruku alikuwa amesimama dirishani. Hakunicheka, na hilo lilinichoma zaidi. Kengele ilipolia akaniambia, "Mchoro mzuri sana, mwalimu. Sasa wafundishe."

Basi nikaanza kuhangaika. Mwaka uliofuata nilikwenda kwa muuza nyama siku ya gulio, nikaomba mapafu ya mbuzi na koo lake. Nilichomeka bua la jani la boga kwenye koo, nikapuliza. Mapafu yakavimba, yakageuka rangi ya waridi, na darasa likapiga kelele hadi walimu wengine wakaja mbio wakidhani kuna nyoka. Nilidhani nimeshinda. Kumbe nusu ya pili ya kipindi ilikwenda kwenye mjadala wa nani ayachukue kwao yakapikwe. Kesho yake nilipouliza tumejifunza nini, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mapafu yanataka tangawizi nyingi.

Kisha nikaenda semina mjini Lushoto, tukafundishwa kutengeneza pafu kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, puto moja ndani na jingine kama kiwambo chini. Mnakijua kifaa hicho, kimo kwenye kila kitabu, na ni kizuri. Ukivuta puto la chini, la ndani linavimba. Nilirudi nacho nikiwa nimekibeba mapajani njia nzima kama yai. Watoto walikiangalia, wakasema "Aaa", na kiliwekwa kabatini. Puto lilipopasuka, somo liliisha mpaka nitakaposhuka tena mjini.

"Kifaa ambacho mtoto hawezi kwenda kukitengeneza kwao," Mzee Mbaruku aliniambia tukinywa chai, "kinabaki kuwa mchezo wako wewe."

Maneno hayo niliyachukia karibu muhula mzima. Baadaye nikayafanya sheria. Niliamua kwamba upumuaji nitaufundisha kwa kitu kimoja tu ambacho kila mtoto anakuja nacho shuleni bila kukumbushwa, yaani pumzi yake mwenyewe. Tutahesabu mara ngapi mtu anapumua kwa dakika, kwanza akiwa ametulia, halafu akiwa amekimbia, tulinganishe. Kazi rahisi, nikajiambia. Yeyote anayesema kazi rahisi hajawahi kuifanya na watoto sitini.

Tatizo la kwanza lilikuwa saa. Saa ilikuwa moja, mkononi mwangu. Tukatengeneza chupa za mchanga: chupa mbili ndogo za maji, vifuniko vimeunganishwa mgongo kwa mgongo na kutobolewa kwa msumari, kiungo kimekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mchanga tuliutoa mtoni, tukaukausha kwenye sufuria, tukauchekecha kwa chujio la chai. Kila kundi lilikuja kwangu na chupa yake, tukaipima kwa saa yangu, tukipunguza au kuongeza mchanga mpaka imalizike kwa dakika moja barabara. Kazi hii peke yake inakula vipindi kadhaa. Msiwe na haraka nayo. Mtoto aliyerekebisha chupa yake mwenyewe anaiheshimu dakika kuliko waziri.

Tatizo la pili lilikuwa binadamu. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, haachi kujionesha. Anapumua polepole, kwa heshima, kama bwana harusi mbele ya shehe. Tukajifunza kuhesabu bila kutangaza: mwenzio anasikiliza hadithi, wewe unatazama bega lake. Na wale wahesabuji nao walikuwa wakipotea njiani, maana midomo ikitaja namba, macho yanasahau bega. Ndipo binti mmoja, jina lake limenitoka na linaniuma kwamba limenitoka, alipotoa punje za mahindi mfukoni, akawa anadondosha punje moja kwa kila pumzi. Hakutaja namba hata moja. Mchanga ulipoisha, rundo lilikuwa pale. Kwanza walidondosha kwenye kopo, lakini mlio ulimfanya anayepimwa apumue kwa kufuata ngoma. Tukahamia kwenye kitambaa.

Kukimbia nako kulinitia aibu. Kitabu kilisema mtu akiruka ruka kidogo, pumzi zake zitaongezeka sana. Watoto wa Mtae, wanaopanda na ndoo kichwani tangu wanaanza kutembea, waliruka ruka, wakatoa rundo lile lile. Ilibidi niwashushe mpaka mtoni na kuwapandisha mbio. Wao walirudi wakihema kidogo. Mimi nilirudi baada ya kengele.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Mbaruku akastaafu, na mie nikawa mkubwa wa kunywa chai na kutoa mawaidha. Nikaongeza zoezi la nyumbani: kila mtoto apime watu wa kwao, kila mtu kitambaa chake, fundo moja. Wiki ya kwanza mmoja alifika na kitambaa kitupu, akilia. "Mwalimu, kuku wamekula pumzi za babu." Nikamwambia akapime tena, babu bado anazo. Zoezi lile ndilo lililotuonesha jambo ambalo watoto hawakulitegemea: rundo la mzee ni dogo, la mtu mzima ni dogo, lakini la mtoto mchanga ni kubwa ajabu. Zaina, binti aliyekaa dawati la mbele, alisema, "Mwalimu, kumbe mtoto mchanga anakimbia huku amelala."

Swali likatoka hapo lenyewe. Kubwa kiasi gani? Wote sawa? Tukachukua trei la mayai, kila shimo tukaliandikia mtoto mmoja mchanga wa kijiji, na watoto wakaenda kwa majirani zao kuomba ruhusa ya kukaa kando ya mtoto aliyelala. Mama wengi walicheka, wakakubali. Kwa wiki chache trei likakaribia kuenea, yakabaki mashimo machache ya pembeni yasiyo na jina. Punje zetu zilikuwa ndogo, za mbegu ya kienyeji, na mashimo yakawa yanajaa hadi karibu na ukingo. Wengine chini kidogo, wengine juu kidogo, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyemwaga. Lile trei lilikaa kwenye kabati la darasa, na niliwaambia kwamba hiyo ndiyo sayansi: kujua hali ya kawaida inaonekanaje, ili siku ikibadilika uijue.

Kati ya yenye majina, shimo moja tu lilikuwa tupu, la Idrisa, mdogo wake Zaina.

Zaina aliishi na mama yake, Hadija, na bibi yake mzaa baba, Bibi Mwanaisha. Baba yao alikuwa kule Shume akipasua mbao, akirudi mara moja moja. Bibi Mwanaisha ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba ile, na kwa kweli ya kitongoji chote. Hakuna harusi wala msiba ulioanza kabla hajaketi. Nilipokwenda kumwomba ruhusa alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Aka, mwalimu," akasema. "Pumzi za mtu anazihesabu Mungu, na anajua mwisho wake. Nyinyi mnahesabu, mna haraka ya nini? Hata watoto hatuwahesabu. Ukiniuliza nina wajukuu wangapi nitakwambia wapo. Nyumbani kwangu hapahesabiwi mtu."

Sikubishana. Kwanza alikuwa mkubwa wangu, pili alikuwa na hoja, na kwetu Mnazi nyanya yangu angesema vivyo hivyo. Nikamaliza chai, nikaaga, shimo la Idrisa likabaki tupu.

Ulipoingia ule msimu wa baridi, mwezi ambao milango inafungwa mapema na moshi wa jikoni unakosa pa kutokea, Idrisa akaanza kukohoa. Zaina aliniambia, nikauliza kama amepelekwa kituo cha afya. Akasema bibi anasema ni kimeo, na siku ya gulio watashuka naye kwa fundi wa vimeo akatwe. Wengi wenu mmezaliwa huku na mnajua jambo hilo. Kinyama cha ndani ya koo kinalaumiwa kwa kila kikohozi, kuna mafundi wanaokikata kwa kisu, na wazee wanaoamini hivyo wanawapenda wajukuu wao kama wewe na mimi. Nilimwambia Zaina awaombe wakubwa wampeleke mtoto kituoni. Aliomba. Akaambiwa mtoto haingilii mambo ya wakubwa.

Asubuhi iliyofuata alinisubiri mlangoni mwa ofisi. Hata shikamoo ilitoka nusu. Alinishikia kitambaa kilichofungwa fundo, na fundo lilikuwa nene.

"Umepima? Bibi kakubali?"

"Hajakubali, mwalimu. Nilikuwa napukuchua mahindi."

Alikuwa ameketi kando ya mdogo wake jioni na ungo mapajani, akipukuchua mahindi ya kusaga kama alivyoamriwa. Tofauti ni kwamba aliondoa punje moja tu kila kifua cha Idrisa kilipopanda, na chupa ya mchanga alikuwa ameiegemeza nyuma ya kinu. Bibi alipita mara mbili akamgombeza kwa uvivu.

Tulifungua kabati, tukashusha trei. Zaina akamimina. Punje zilijaa shimo, zikafika ukingoni, zikaendelea, zikamwagikia shimo la jirani lisilo na jina hadi nalo likaonekana kama lina mtu. Watoto waliokuwa wameanza kuingia walilizunguka trei. Sikuhitaji kuwaeleza kitu. Walikuwa wameyajaza mashimo yale kwa mikono yao, na walijua hakuna aliyewahi kumwaga.

Nitawaambia ukweli, niliogopa. Nilimwogopea mtoto, maana niliona kwamba kungoja gulio kungeweza kumuua. Na nilijiogopea. Kama Idrisa angefia mikononi mwetu njiani, kijiji kizima kingesema mwalimu kamhesabia pumzi zikamwishia, na hakuna mama ambaye angeniachia tena mwanawe nimfundishe hata kuhesabu vijiti. Nilimwachia mwenzangu darasa, nikabeba trei, nikashuka na Zaina.

Hadija alikuwa karibu na jiko, mtoto mapajani, macho yamemvimba kwa moshi na kwa kulia. Bibi Mwanaisha alitoka chumbani akijifunga kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Onga makeo," akaongeza salamu ya asubuhi ya Kisambaa. "Saa za kazi hizi, kwema?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa ana kimeo. Keshokutwa gulio, tunashuka naye." Kisha akaliona trei. "Na hilo nilishakwambia. Nyumbani kwangu hapahesabiwi mtu."

Zaina akapiga magoti. "Bibi, mie sikuhesabu. Nilikuwa napukuchua."

Bibi alimtazama, akautazama ungo, akamtazama tena. "Ndiyo maana! Gunzi moja jioni nzima, nikasema huyu mtoto kalogwa mikono!"

Nilijua nikicheka nimepotea. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaweka trei mbele yake, nikasema kweli tupu: "Bibi, hakuna namba iliyotajwa. Hata mimi sijui ni ngapi. Haya ni mahindi tu. Punje moja kifua kikipanda, mpaka mchanga uishe."

Kisha akainama. Hakuangalia shimo la mjukuu wake, akaanza mbali, kwa majirani.

"Hili la nani?"

"La mtoto wa Mama Hiza."

"Yule mnene? Anayekoroma mpaka kwa jirani anasikika?"

"Huyo huyo."

"Na shimo lake halikujaa." Akahamisha kidole. "Na hili?"

"Mapacha wa kwa Mzee Elia. Mmoja hapa, mmoja pale."

"Wale walizaliwa wadogo kama panya, mimi mwenyewe niliwapokea." Akapeleka kidole polepole kwenye shimo lililomwagika, hakuligusa. "Huyu ndiye wetu."

"Ndiye, bibi."

Alinyoosha mkono kwa Zaina bila kumtazama. "Nipe gunzi. Geuza hiyo chupa."

Alimfunua mtoto kifua mwenyewe, akaketi karibu, akaanza kudondosha kwenye shimo jingine la pembeni ambalo halikuwa na jina. Vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyepukuchua maisha yake yote, lakini ilimbidi avikimbize. Nilimwonesha jinsi mbavu za chini zilivyokuwa zikibonyea kila Idrisa alipovuta hewa, na pua ilivyokuwa ikitanuka. Aliendelea kudondosha hadi shimo likajaa, akadondosha tena kidogo, punje zikateleza zikaanguka mkekani. Akaliweka gunzi chini. Mchanga ulikuwa bado unashuka.

"Mimi nimeona vimeo," akasema. "Kimeo hakimfanyi mtoto hivi."

Kisha akainuka, na pale nikaelewa kwa nini harusi humngoja. "Hadija, kanga, mfunge kifuani, siyo mgongoni, nimwone uso. Zaina, chukua maji. Mwalimu, wewe tangulia, ukawaambie tunakuja."

Nilitangulia, trei limefungwa kwa kitambaa, chupa kwapani. Njia ile mnaijua, inapanda kama ngazi na mvua ilikuwa imeilainisha, lakini sijawahi kuipanda vile. Hata hivyo walinikuta mlangoni mwa kituo bado nashika magoti nikitafuta sauti. Nesi Eliza, mwanamke asiyepoteza neno, alimlaza mtoto, akafunua kifua, akatoa saa yake, akakaa akitazama mbavu zikipanda na kushuka. Alikuwa akifanya kazi ile ile tuliyokuwa tukiifanya darasani. Zaina alinivuta kiganja aninong'oneze: "Mwalimu, na yeye anapima."

"Nimonia," nesi akasema. "Tena imeshabana." Mikono yake ilikuwa tayari kazini, dawa, kisha mpira mwembamba wa oksijeni puani. Alipomaliza aligeuka. "Mmewahi. Nani aliwaambia mje leo?"

Tulimtazama Bibi Mwanaisha, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.

"Mahindi," akasema.

Nesi alidhani amechoka, akamletea kiti. Ilibidi niende nje kufuata trei nilitoe kama shahidi. Alilitazama kwa muda, akauliza jinsi tulivyopima mchanga, akageuza chupa na kuilinganisha na saa yake. Ikalingana. Ninyi mliofundisha nami mnajua mimi si mtu wa kuruka ruka. Siku ile, ndani ya kituo cha afya, mbele ya wagonjwa, niliruka.

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya, Hadija aliniambia baadaye, na wa pili ukawa nafuu. Siku ya gulio, ile ile ambayo mtoto angeshushwa kwa fundi, Darasa la Tano zima lilinizunguka asubuhi likitaka kwenda kumwona. Mwalimu mkuu mpya aliuliza hiyo ni safari ya somo gani. Nikamwambia ni ya sayansi, mada ya upumuaji, naye ni mtu mwelewa, akasaini.

Tulikuta benchi la nje limejaa akina mama waliokuja na watoto kliniki, na katikati yao ameketi Bibi Mwanaisha, trei langu la mayai mapajani. Alikuwa akifundisha. Nawaapia alikuwa akifundisha vizuri kuliko mimi wa mwaka wa kwanza. "Hili la mtoto wa Mama Hiza, yule mnene," alikuwa akisema, na Mama Hiza mwenyewe alikuwa hapo, amejaa fahari. "Likifika hapa, nyamaza. Likimwaga, beba mtoto. Usingoje gulio, usinisubiri mimi, hata mume usimsubiri." Nesi Eliza alikuwa amesimama mlangoni na kadi mkononi, hakuita jina la mtu mpaka bibi alipomaliza. Aliniomba chupa za kutosha kila mama anayejifungua pale aondoke na yake, na kazi hiyo Darasa la Tano linaifanya hadi leo. Atakayeiacha ife, ajue mimi bado nina miguu.

Kisha bibi akatuita ndani. Idrisa alikuwa amelala, mpira wa puani umeondolewa. Zaina akaondoa punje za zamani kwenye shimo la Idrisa, akaketi kando na gunzi, safari hii mbele ya bibi yake, na chupa ikageuzwa hadharani. Punje zikaanza kudondoka, moja, kimya, moja, kimya, na nafasi kati yao ilikuwa ndefu kuliko ile niliyoiona mkekani. Watoto walikuwa wamebanana dirishani na mlangoni wakizuia pumzi zao wenyewe. Mchanga ukaisha. Zaina akainua trei, wote waone. Shimo halikujaa. Ilibaki nafasi ya kutosha kidole.

Hao watoto walipiga kelele kiasi kwamba nesi alitufukuza wote, na Idrisa akaamka akalia kwa sauti ya kifua kizima. Hadija alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nililia tu, sikuwa na la kuchanganya.

Nje, Bibi Mwanaisha alijinyoosha kwenye benchi, akaegemeza mgongo ukutani, akafunga macho. Tulidhani anataka kulala, na haki alikuwa nayo. Akanyoosha mkono akagonga trei kwa kidole.

"Haya, Zaina. Na mie sasa, nidondoshee," akasema. "Lakini idadi msiniambie."